Mali ya Dunia Nzima

Juzi, katika kikao cha wadau wa makumbusho, mgeni mmoja alitueleza kwa upole kwamba mifupa ya dinosauri ya Tendaguru, mkoani Lindi, haina taifa, kwa kuwa mnyama yule aliishi miaka milioni 150 iliyopita, Tanganyika haipo na Ujerumani haipo. "Ni mali ya dunia nzima," akasema, na wenzangu wakampigia makofi. Hasira haijaniisha.

Ushirikiano wa kimataifa kila mtu anaujua: Katiba ya UNESCO ya 1945 inauhubiri, karibu kila nchi mwanachama ina tume yake ya taifa ya UNESCO, mikataba inatiwa saini. Hilo tulipitishe.

Ninachouliza ni hiki: mbona hoja ya dunia nzima humjia kwanza yule aliyekwisha kushika? Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Tendaguru kwenda Berlin, ambako dinosauri mwenye kimo cha zaidi ya mita 13 alisimamishwa mwaka 1937. Kama dunia nzima ndiyo mwenyewe, Lindi nako ni duniani. Kama umri wa mifupa unafuta haki ya Mtanzania, unafuta na ya Mjerumani. Lakini tiketi na ufunguo wa stoo vimebaki upande mmoja. Aliyenacho akisema "chetu sote" husifiwa kwa ukarimu, na hajatoa kitu. Asiyenacho akitamka maneno yayo hayo huitwa mdai. Watu wawili wa namna hiyo wakikaa meza moja, wanashirikiana nini?

Wapo wanaouliza gharama za utunzaji, na mwaka 2018 serikali yetu yenyewe ilisema haidai mifupa irudi. Ni hoja za haki.

Ila mimi nikitajiwa Tendaguru humkumbuka Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha majuzi tu, njaa imeipukutisha kusini, na wapagazi wakatembea siku kadhaa na mizigo hadi bandari ya Lindi. Boheti alikumbukwa mwaka 2007, dinosauri mmoja alipoitwa Australodocus bohetii. Wapagazi je? Tume ya taifa ya UNESCO husemea taifa. Mifupa ikirudi itawekwa Dar es Salaam. Mjukuu wa mpagazi atapanda basi, atalipa kiingilio, ataambiwa hii ni mali ya taifa zima. Naye akiniuliza ninachomuuliza yule mgeni, sioni nitamjibu nini.