Maji au Vyuma?

Saa hizi za asubuhi pale Coco Beach, Dar es Salaam, wapo wanaokimbia mchangani na wapo walioshaingia majini. Ukiniuliza uanze na lipi, kuogelea au gym, nitakuuliza kwanza: magoti yako yanasemaje? Ukizama hadi shingoni, maji hukubebea sehemu kubwa ya uzito wako. Mama ambaye ngazi za ghorofa zinamtesa, humo hupiga mikono, huvuta pumzi kwa mpangilio, na moyo unafanya kazi barabara bila viungo kulalamika.

Lakini mifupa huimarika inapobebeshwa uzito, na hapo vyuma vina haki yake. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli. Mimi nasema ogelea, kisha hizo siku 2 nyanyua. Huna ada ya gym? Kuchuchumaa na pushapu nyumbani vinatosha kuanzia.

Na kama hujui kuogelea, tafadhali, tafuta mwalimu, anzia kina cha kiunoni, wala usiingie baharini peke yako, hata siku bahari ikiwa shwari.