Geti Liko Wapi?

Mjomba wangu alibeba mifuko ya wachezaji kwa miaka 19 katika klabu moja ya gofu Nairobi. Jumatatu, wanachama wasipokuwepo, makedi waliruhusiwa kucheza. Ndipo nilipojifunzia, kwa fimbo moja ya chuma tuliyokuwa tukipokezana. Siku nyingine tulijua mipaka yetu. Ukionekana karibu na ua, askari alikuuliza swali moja tu: "Umetumwa na nani?"

Basi nilipoenda kusoma St Andrews, Scotland, nikapata tiketi ya mwaka ya wanafunzi, na jina langu likatoka kwenye bahati nasibu ya kucheza Old Course, nilifika na makaratasi yote mkononi. Huu ndio uwanja uliopunguza mashimo yake kutoka 22 hadi 18 mwaka 1764, na baadaye dunia nzima ikafuata. Nilitarajia ukuta, mbwa, na lile swali.

Hakuna aliyeniuliza. Nikiwa nimejipanga kupiga mpira wa kwanza, ilibidi ningoje. Mama mmoja alikuwa anavuka na kigari cha mtoto. Kuna barabara ya umma, Granny Clark's Wynd, inayokata shimo la kwanza na la 18, na mtu akipita, mcheza gofu ndiye anayengoja. Mama wa watu hata hakuharakisha.

Nilicheza vibaya, tusidanganyane. Shimo la 17 lilinimaliza. Mchangani peke yake nilipiga mara nne. Jumapili nikarudi bila fimbo, kwa sababu Jumapili gofu haichezwi pale, isipokuwa wakati wa mashindano machache makubwa. Uwanja unageuka bustani. Watoto wanakimbia, mbwa wanafukuzana, watu wanapiga selfi kwenye daraja la Swilcan. Nikampigia mjomba.

"Uliingilia geti gani?" akauliza.

"Hakuna geti, mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Sasa wanajuaje nani si mwanachama?"

Nilicheka, lakini swali lake halijaniacha.

Usidhani watu wa pale ni wema kutuliko. Haki hiyo ni ya zamani na imepiganiwa. Hati ya Askofu Mkuu John Hamilton ya 1552 ilitambua haki ya wakazi kucheza gofu na hata soka kwenye ardhi ile. Mwaka 1797 baraza la mji, likiwa limelemewa na madeni, liliachilia ardhi hiyo, na wafugaji wa sungura wakaingia. Kukawa na kesi na ugomvi wa miaka. Mji uliinunua tena mwaka 1894. Sisi pia tunaijua vita hiyo: Wangari Maathai alipigwa mwaka 1999 akitetea msitu wa Karura.

Na ukuta wa pesa upo hata kule. Mgeni anayetaka kucheza msimu wa joto hulipa zaidi ya pauni 300. Lakini kuitembea Jumapili ni bure, na sijasikia mtu akisema Old Course imeshuka hadhi kwa sababu mtoto alianguka na aiskrimu yake kwenye nyasi.

Hapo ndipo ninapojishtaki. Zile Jumatatu za utotoni, nilichofurahia si gofu pekee. Kulikuwa na vijana wa mtaani waliokuwa wakitutazama kupitia ua, na nilipenda kutazamwa. Nililichukia geti nikiwa nje, nikalipenda nikiwa ndani. Nadhani wengi wetu tuko hivyo. Tukisikia "pahali pa maana", tunaelewa pahali ambapo wengine hawaingii. Tunapigana na askari mlangoni, kumbe tunachotaka ni akishatupitisha, afunge.

Mjomba alistaafu. Jumatatu si yake tena. Akitaka kuona nyasi alizozijua kwa nyayo zake, itabidi asimame nje ya ua kama wale vijana. Sisemi kila klabu ibomoe ukuta wake. Kutunza nyasi kuna gharama, na mwenye mali ana haki zake. Ila ningependa mwanachama mmoja anijibu bila hasira: mzee yule akitembea mle ndani Jumapili moja, mikono nyuma, bila mfuko wa mtu begani, ni nini hasa mtakachokuwa mmepoteza?