Kampuni Haina Aibu

Aron Salomon alikuwa mfanyabiashara wa viatu mtaani Whitechapel, London. Mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati huo ilitaka wenye hisa 7, basi akajiweka yeye, mkewe na watoto wao 5. Hisa zote zilikuwa 20,007. Yeye peke yake alishika 20,001. Juu ya hizo kampuni ikampa hati za deni za pauni 10,000, zenye dhamana juu ya mali yake yote. Yaani kwenye karatasi mzee alikuwa anajidai mwenyewe! Mwaka uliofuata biashara ikaanguka, na mali iliyobaki ikamezwa na hati zile. Waliokuwa wameiuzia kampuni vitu kwa mkopo, bila dhamana, hawakupata hata peni moja.

Mahakama mbili zilimwona mjanja, zikasema awajibike. Alipokata rufaa kwa House of Lords, Novemba 1896, majaji walikubaliana wote: kampuni ni mtu, na mtu huyo si Salomon. Deni lake si deni lako.

Ukisomea sheria za fedha popote palipotawaliwa na Waingereza, huyu mzee utakutana naye wiki za mwanzo. Mimi nilikutana naye saa nne usiku, nikiwa Nairobi na chuo kikiwa London. Watu hushangaa kwamba shahada ya uzamili inaweza kusomwa hivi, lakini Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wasiokanyaga madarasa yake mwaka 1858. Tena sheria yenyewe ilitufikia kwa masomo ya mbali. Sheria ya Mahakama ya Kenya bado inataja tarehe 12 Agosti 1897: tulirithi misingi ya sheria ya Uingereza ilivyokuwa siku hiyo. Salomon alikuwa ameshinda miezi tisa tu kabla.

Kinachonisumbua ni hiki. Sisi tumelelewa na kauli moja, dawa ya deni ni kulipa. Haisemi inategemea nani anadaiwa. Usipolipa wewe ni mtu mbaya, na shangazi zako watalijua hilo kabla ya benki. Halafu unafungua kitabu unakuta sura nzima, imepangwa vizuri, kuhusu namna ya kutolipa kwa heshima. Kampuni inafilisika, msimamizi anateuliwa, wadai wanapanga foleni, hela zinaisha kabla foleni haijaisha, kampuni inafutwa. Hakuna anayeitwa mwizi. Mwenye hisa hupoteza alichoweka, basi, na kesho anaweza kufungua nyingine.

Utetezi wake si mwepesi. Bila kinga hiyo nani angeweka akiba yake kwenye reli, kiwanda au kampuni ya mtandao, akijua mambo yakienda mrama watamfuata hadi kitandani? Na benki inayokopesha kampuni inaijua hatari hiyo, inaitoza bei ndani ya riba. Sawa, nakubali. Lakini mama anayepelekea hoteli mboga kila asubuhi na kulipwa mwisho wa mwezi hajatoza hatari yoyote. Yeye aliamini tu. Hoteli ikifa, imani yake ndiyo iliyogharamia ujasiri wa wenye hisa.

Sasa linganisha na jamaa aliyekopa shilingi 3,000 kwa simu. Kabla ya kanuni za mwaka 2022 za wakopeshaji wa kidijitali, ilikuwa kawaida programu kupekua namba zake na kumpigia bosi wake, mamake, hata ex. Silaha yao ilikuwa aibu, na aibu humshika mwenye uso pekee. Kampuni haina uso.

Usinielewe vibaya, sisemi tuache kulipa. Chama cha kina mama mtaani kwetu kinadai kuliko benki. Wakikosa marejesho wanakuja kubeba televisheni. Tofauti ni kwamba wanajua nani alilazwa hospitali na nani anakunywa hela, na wanawatendea tofauti. Huo ni uamuzi wa kimaadili. Sheria ya makampuni haiulizi swali hilo, inauliza tu ni karatasi gani ulitia sahihi.

Binamu yangu ana pikipiki ya mkopo wa benki, na miezi kadhaa alikuwa hajalipa. Nilimwambia kuhusu kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachofanya kazi tangu 2007: mkopo ukishaharibika, riba ya ziada haiwezi kupita deni la msingi lililokuwa limebaki. Hakuwahi kukisikia. Alidhani deni hukua milele, kama dhambi. Nikajiuliza kama nimemlegeza. Neno lake ndilo mtaji wake kijiweni, na hapa mimi namfundisha kwamba neno lina kikomo. Lakini kikomo hicho kilikuwepo kabla sijafungua kitabu, na wenye mawakili walikuwa wanakitumia. Nikinyamaza, ninachokilinda ni faida ya mkopeshaji, si uaminifu wa binamu.

Akaniuliza, “Sasa mimi siwezi kusajili hii pikipiki kama kampuni?”

Anaweza. Tangu Sheria ya Makampuni ya 2015 mtu mmoja anatosha, hahitaji mke wala watoto 5, na unasajili kupitia eCitizen. Ila siku kampuni hiyo itakapoomba mkopo, benki itaweka karatasi ya pili mezani: udhamini wa mkurugenzi binafsi. Akitia sahihi, pazia alilolipigania Salomon linafunguka, na anayedaiwa ni binamu yangu tena, kwa jina na namba ya kitambulisho. Kampuni kubwa zenye mali ya kutosha mara nyingi haziletewi karatasi hiyo.

Alicheka, akavaa helmeti. Kulikuwa na abiria anamngoja.