Creon Naye Asikilizwe

Februari 1944, Paris ikiwa bado chini ya Wajerumani, Jean Anouilh alileta jukwaani Antigone wake, akiiandika upya tanzia ya Sophocles. Walinzi wa mfalme Creon walivaa makoti meusi, na hakuna mtazamaji aliyehitaji kuelezwa ni akina nani. Wakaguzi wa Kijerumani waliipitisha tamthilia hiyo, na baadhi ya Wafaransa wakamshutumu Anouilh kwamba amewatetea wasaliti, kwa sababu Creon wake anajieleza vizuri mno.

Mimi naona hapo ndipo Anouilh alipopatia. Hegel aliiona tanzia kuwa ni mgongano wa haki mbili: Antigone anataka kaka yake azikwe, Creon, ambaye mji wake umetoka vitani jana tu, hataki aliyeushambulia apewe heshima sawa na aliyeulinda. Sisemi haki hizo zina uzito sawa. Sophocles mwenyewe anamwachia Creon maiti za mwanawe na mkewe. Lakini kabla hajashindwa, ni lazima hoja yake ituingie. Mwongozaji anayemvika magwanda na miwani myeusi ili tumzomee tangu anapoingia anatugeuzia tanzia kuwa mkutano wa hadhara. Tunarudi nyumbani tukijipongeza.

Katika gereza la Robben Island, Nelson Mandela aliigiza Creon, si Antigone. Mfungwa wa kisiasa anatamka amri ya mtawala mbele ya wafungwa wenzake, na ili aitamke sawasawa, inabidi kwanza aone mantiki yake. Mandela aliandika baadaye kwamba Creon anaanza akiwa mzalendo wa kweli, kisha anaponzwa na ukaidi.

Yupo hata hivyo Creon mmoja mwepesi ninayemkubali. Katika The Island, ya mwaka 1973, iliyotungwa na Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona, wafungwa wawili, John na Winston, wanajiandaa kuigiza kesi ya Antigone. Winston akivaa nywele za bandia na matiti ya kubandika, mwenzake anaangua kicheko mpaka Winston anagoma: Antigone ni hadithi tu, na kifungo chake yeye ni cha maisha. Siku ya onyesho Creon hana hoja nzito, wala hazihitaji, maana dola yenyewe imekuja kutazama. John, anayemwigiza Creon, anaanza kwa kuwasalimu askari jela. Anawasalimu akiwa ametukabili sisi, tuliokata tiketi.