Kivuli cha mkungu nacho ni amana

SIFA zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi hulihesabu dogo: viwanja vya wazi na vibustani vilivyobaki huku kwetu Wazo, Tegeta na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam. Mpita njia huona mkungu, mwarobaini na nyasi tu. Hadhani kuwa pana wakazi. Lakini Allah (s.w.) ametufahamisha katika Surat al-An'am, aya ya 38, kuwa wanyama na ndege nao ni umma kama sisi. Chozi anafyonza maua, tetere analalia mayai, mjusi anawinda wadudu, popo wanakuja usiku kula kungu.

Umma huo tunaudhulumu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni taka. Kiwanja tukikigeuza jalala, kunguru hujaa. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka. Wakizidi, hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Ni kweli kuwa hadithi sahihi imemtaja kunguru miongoni mwa viumbe vitano vinavyoruhusiwa kuuawa. Lakini tutaua mmoja, na jalala letu litalisha kumi! Tukumbuke pia kuwa Mtume (s.a.w.) ametahadharisha juu ya laana inayomfika anayejisaidia njiani au kwenye kivuli cha watu.

Ya pili ni uvamizi. Bustani ya Mimea iliyo katikati ya jiji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, imemegwa hadi kubaki kipande. Je, kiwanja cha mtaani kisicho na uzio kitasalimika vipi?

Wapo wanaouliza: kuna ubaya gani kujenga fremu za maduka hapo, ikiwa kodi itaingia msikitini? Nasema, haki ya watu haihalaliki kwa nia njema. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa anayedhulumu ardhi, japo shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hakumvua mtu katika onyo hilo kwa kuwa anajengea msikiti.

Mtume huyo huyo aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasifukuzwe. Na ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, anachokula ndege humo ni sadaka yake.

Basi kila msikiti ulio jirani na kiwanja cha wazi utenge siku moja kila mwezi. Vijana wazoe taka na wapande miti. Wazee wamwendee mwenyekiti wa serikali ya mtaa, waulize mipaka ya kiwanja kabla hajatokea mwenye kukiuza.

Wabillahi Tawfiq.