Masaa Kumi na Tano Tu

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi JFK, New York, ni kama kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, iliyoanza safari tarehe 28 Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15 kwenda na 14 kurudi. Kilomita ni zilezile. Tofauti inaletwa na upepo mkali wa huko juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hivyo anayerudi nyumbani husukumwa na upepo, na anayeondoka hupigana nao.

Mjomba wangu hajui habari za upepo, lakini hesabu ya masaa anaijua vizuri. Kwenye matanga ya shosho alisimama akamsema binamu yangu aliye huko New York, ambaye hakuja. "Ni masaa kumi na tano tu! Akipanda ndege leo, kesho yuko hapa. Angetaka, angekuja."

Hoja hiyo si ya kijinga. Wanafalsafa husema huwezi kumdai mtu jambo asiloliweza. Wajibu huanza pale uwezo ulipo. Mwaka wa 1959, wanafunzi 81 walipopanda ndege Nairobi kwenda kusoma Marekani kwa mpango wa Tom Mboya, nani angewadai waje kila msiba? Leo safari ni ya siku moja. Mjomba anaona uwezo umeongezeka, kwa hivyo na deni pia limeongezeka.

Shida ni kwamba ndege hupima umbali kati ya viwanja viwili, si kati ya watu wawili. Binamu yangu bado anangoja makaratasi. Akitoka Marekani kabla ya kupewa kibali cha kusafiri, ombi lake linaweza kuhesabiwa kuwa ameliacha, na mlango ufungwe nyuma yake. Kwake yeye, safari ya kuja kumzika shosho haina saa 15. Ina miaka yote aliyokaa huko, na kila mtu anayemtegemea hapa. Jeneza lenyewe lilinunuliwa kwa pesa alizotuma. Pesa hazikuulizwa viza, zikafika kwa simu kwa dakika chache. Mjomba alizipokea yeye mwenyewe.

Sasa, usinielewe vibaya. Si kila aliye majuu ana sababu. Kuna mwenye makaratasi, nauli na likizo, na bado anasema "ni mbali." Huyo anajificha nyuma ya kilomita. Lakini pia kuna anayeishi Rongai, mwendo wa matatu moja kutoka kwa mamake, na mwaka unaisha bila yeye kubisha hodi. Hakuna anayemsimamia matangani kumsomea masaa.

Ndiyo maana nadhani umbali haumshtaki mtu wala haumtetei. Kabla ya kuuliza safari ni ya masaa mangapi, tuulize: kuja kwake kungemgharimu nini, na sisi tungekuwa tayari kulipa gharama hiyo? Kama hatungekuwa tayari, basi hatumdai upendo. Tunamdai ajiangamize ili sisi tuonekane tumekamilika kwenye picha ya kaburini.