Sifuri Niliyoiandika Msimbati

Ilikuwa asubuhi ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali kiasi kwamba wanawake waliokwenda kuchokoa pweza walionekana kama vijiti tu ukingoni mwa mwamba. Mimi nilikuwa nimechutama juu ya fremu ya plastiki, nusu mita kwa nusu mita, kwenye majani ya bahari ya Msimbati, kusini mwa mji wa Mtwara. Kamba ya mita 50 ilikuwa imelazwa kuelekea mwambani. Kila baada ya mita 5 niliweka fremu, nikahesabu kilichomo, nikaandika kwa penseli kwenye ubao usioharibiwa na maji. Mashimo ya kaa, kauri, chaza. Majani yamefunika sehemu gani ya fremu, kwa kukadiria na macho. Jongoo bahari: 0. Fremu ya pili, 0. Kamba ya pili na ya tatu, vilevile. Maji yalipoanza kurudi nilikuwa na safu nzima ya sifuri, na nakiri kwamba nilizipenda. Sifuri haina ubishi. Kwenye asilimia ya majani mimi na mwenzangu tulikuwa tukivutana kila fremu, lakini kisichokuwepo tulikubaliana mara moja kwamba hakipo.

Jioni nilikwenda kumsalimu bibi yangu, mama mzaa mama, ambaye ameokota kwenye mwamba ule tangu hajavunja ungo.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Leo mmehesabu nini huko?”

Nikamtajia. Akasikiliza huku anachambua mchele, kisha akauliza, “Na majongoo?”

“Hakuna, bibi. Hatukuona hata mmoja.”

Akaacha kuchambua. “Hakuna, au wameisha?”

Nimefanya kazi hii ya kupima bahari kwa miaka kadhaa sasa, nimekaa na wataalamu wa vyuo vikuu vya ndani na nje, na sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Ubao wangu haukuwa na nafasi ya kulijibu. Kwenye ubao, asiyekuwepo kamwe na aliyekuwepo akamalizwa huandikwa kwa alama moja.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Kampuni inapotaka kuchimba gesi, kulaza bomba au kujenga mtambo, sheria inaitaka ifanye tathmini ya athari kwa mazingira. Kwetu ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na tulipofanya kazi hiyo msimamizi alikuwa NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kabla ya kukadiria athari, lazima ijulikane pale mahali pakoje leo: maji, matope, samaki, mikoko, ndege, watu. Hiyo ndiyo tunayoiita hali ya awali. Siku moja maji yakichafuka, au mikoko kama mkandaa na mchu ikianza kukauka upande mmoja wa ghuba, mtu ataweza kufungua kitabu na kusema: tazameni, palikuwa hivi, sasa pako hivi. Bila kitabu hicho kila upande utaapa kwa kumbukumbu yake, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Kwa hiyo naiheshimu kazi hii. Nimeifanya juani na kwenye matope yanayofika magotini, na ningeifanya tena kesho.

Lakini neno “awali” linanisumbua. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 650 hivi za bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Sheria niliyoitaja ikaja miaka minne baadaye. Mwaka 2015 bomba kubwa likakamilika, kutoka Madimba hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo tulipofika na kamba zetu, kisima cha kwanza kilikuwa kimekwisha kuchimbwa kabla mimi sijazaliwa. Na gesi si ya kwanza kuigusa bahari ile. Baruti zililipuliwa miaka mingi kwenye matumbawe ya pwani hii. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, kutoka kwetu hadi visiwa vya mbali vya Bahari ya Hindi. Walikuja pia wanunuzi wa jongoo bahari. Bibi anasimulia kwamba ukivuka majani wakati ule ilikubidi utazame unapokanyaga. Wakaokotwa kwa magunia, wakachemshwa, wakaanikwa, wakapelekwa Asia. Baada ya yote hayo nikafika mimi na penseli yangu, nikaandika 0, na juu ya ukurasa nikaandika: hali ya awali.

Mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1995. Alisema kila kizazi cha wataalamu huichukua bahari waliyoikuta ujanani mwao kuwa ndiyo bahari yenyewe, kisha hupima upungufu kuanzia hapo. Kizazi kinachofuata huanzia kwenye upungufu ule na kuuona ni ukamilifu. Alikuwa akizungumzia wanasayansi. Wavuvi nao wako hivyohivyo, na mimi pia. Mwanangu akienda Msimbati leo ataona bahari nzuri, na sitakuwa na la kumwonyesha ila maneno ya bibi.

Hapa ndipo sayansi yangu inapokutana na dini yangu, na sioni aibu kuzikutanisha. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haizungumzii pepo wala moto. Inazungumzia deni na jinsi ya kuliandika. Inataka deni liandikwe likiwa dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae kuandika. Inataka mashahidi wawepo. Na inasema anayeimlisha maneno ya hati ni yule anayedaiwa, amche Mola wake, asipunguze chochote.

Baba yangu alikuwa na duka dogo na alisomesha watoto wa madrasa jioni, na aya hiyo aliitekeleza kwa daftari lililoshonwa kwa uzi mweusi. Mtu akikopa kibaba cha mchele, baba huandika kabla hajampa. Wapo waliochukia. “Kwani huniamini, mwalimu?” Naye hujibu: “Nakuamini. Naandika kwa ajili ya watoto wako na wangu.” Alijua kwamba wanaokumbushana wakiwa hai hawahitaji karatasi. Karatasi ni ya watakaobaki.

Kila ninapoona watu wakinung'unika kwamba tathmini hizi hulipiwa na kampuni ileile inayotaka kuchimba, namkumbuka baba na aya ile. Ni kweli, mkopaji ndiye anayeimlisha. Kwa muda mrefu nilidhani huo ni udhaifu wa utaratibu mzima. Sasa naona kwamba ungamo la mdaiwa mwenyewe lina nguvu kuliko shtaka la anayemdai, kwa sharti moja tu: asipunguze. Na katika bahari iliyokwisha kuumizwa, njia nyepesi ya kupunguza ni kuandika sifuri iliyo kweli. Hakuna aliyedanganya. Jongoo bahari hawakuwepo kwenye fremu yangu. Lakini kwa sifuri ile, atakayekuja kuvuruga majani haya atakuta hadaiwi jongoo hata mmoja, wala hadaiwi nafasi ya kuwaacha warudi. Deni la waliotangulia limefutwa, na la wanaokuja limepunguzwa kabla halijaanza.

Aya hiyo inataja pia mashahidi wanawake wawili, ili mmoja akikosea mwenzake amkumbushe. Wanazuoni wamejadili sana maneno hayo na mimi sina elimu ya kuingia kwenye mjadala wao. Nasema tu kilichotokea barazani kwa bibi yangu. Wanawake wawili walikaa, mmoja alikosea akiwa na ubao mkononi, mwingine akamkumbusha huku anachambua mchele.

Kiongozi wa timu yetu alikuwa mtu mwema na makini. Nilipompelekea maneno ya bibi hakuyadharau. Alisema yataingia kwenye ripoti, ila kwenye sura ya hali ya jamii, pamoja na idadi ya kaya na umbali wa zahanati. Sura ya viumbe wa baharini ni ya vilivyopimwa. Nikakubali, maana ndivyo ripoti zote zinavyopangwa. Siku nyingi baadaye ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Bahari tuliiweka sura moja na wanaoijua tukawaweka sura nyingine, na kati yao kulikuwa na kurasa zaidi ya mia. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza. Muhtasari wa Kiswahili ulikuwa wa kurasa chache, na haukumtaja jongoo.

Najua jibu la wenzangu: kumbukumbu ya mzee si kipimo. Mtu husahau, huongeza chumvi, huipenda siku ya ujana wake. Ni kweli. Lakini je, kipimo chetu hakina mtu ndani yake? Kuna chombo tunakitumia karibu kila siku kupima uangavu wa maji: sahani nyeupe iliyofungwa kamba yenye alama. Unaishusha polepole upande wa boti wenye kivuli, unaitazama inavyofifia, na inapopotea machoni unasoma alama. Ilianzishwa na Angelo Secchi, padre Mjesuiti wa Italia aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Mwaka 1865 aliishusha kwenye bahari ya Mediterania kutoka kwenye meli ya Papa. Hadi leo duniani kote, pamoja na mitambo yote iliyopo, watu bado wanashusha sahani ya padre Secchi. Na kipimo chake si kingine ila mahali jicho la mtu fulani lilipokoma kuona. Ukiwa na macho mabovu maji yataonekana machafu, na jua likiwa kali juu ya mawimbi utaipoteza mapema. Tunachoandika ni ushuhuda: mimi, siku hii, saa hii, kwenye kusi hili, niliona mpaka hapa.

Nahodha wetu alikuwa na macho ya mtu aliyekulia baharini. Siku moja nilishusha sahani nikaipoteza kwenye mita 9. Nikampa kamba ajaribu. Akaishusha, akaegemeza kifua ukingoni, akasema, “Bado naiona, dada.” Ikaenda hadi mita 11. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja. Nikaandika 9, kwa kuwa mimi ndiye niliyefunzwa. Kulikuwa na haki gani hapo? Siku zote tulifuata njia alizotuonyesha yeye, tukapita penye kina anapopajua yeye kwa rangi ya maji, lakini ilipofika kuona, jicho lililohesabiwa lilikuwa langu.

Sisemi vipimo viachwe, wala sisemi gesi iachwe ardhini. Kwa miaka mingi imezalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii, na taa ninayoandikia haya ni matunda yake. Lakini nashikilia kwamba anayepima hali ya awali ni shahidi kabla hajawa mtaalamu. Shahidi haulizwi tu alichokiona. Huulizwa alisimama wapi, aliona kwa muda gani, na nani mwingine alikuwepo. Sisi tulikuwepo siku 12, zote za kusi. Masika hayakutukuta, wakati Ruvuma inapofura na kumwaga maji mekundu ghubani. Aliyekuwepo masika yote anaishi hatua mia tatu kutoka tulipoegesha gari.

Na yapo madeni yasiyolipika, hilo linanikosesha usingizi zaidi ya sifuri. Mchele wa baba ulirudi kwa mchele. Mwamba uliovunjika haurudi kwa umri wa mtu mmoja, na fidia ya fedha humfikia mwenye shamba la minazi, haimfikii kaa. Nimejiuliza kama kuliandika deni la namna hiyo ni kulibariki likopwe. Baba aliandika hata deni la mtu aliyejua hatalipa. Nilimuuliza kwa nini, akasema siku ya hesabu asije akakutwa yeye ndiye aliyenyamaza. Alikuwa akizungumzia siku ya kiyama, lakini mimi nilikuwa mtoto nikafikiri ni mwisho wa mwezi.

Kabla ya kuondoka Msimbati nilirudi kwa bibi na daftari langu mwenyewe, si ubao wa kazi. Nilikuwa nimechora pwani yote na kila mahali tulipolaza kamba. Nikamsomea sifuri zangu moja baada ya nyingine, nikimtajia mahali kwa majina anayoyajua yeye. Alinijibu bila haraka. Hapa wameisha. Hapa pia wameisha, ila waliisha mapema, kabla mama yako hajaolewa. Kwenye kamba ya nne alinishangaza.

“Hapo andika hakuna. Hapo ni mchanga unaohama, hawakuwahi kukaa.”

Nikaandika hakuna. Tukaendelea hadi kamba ya saba, upande wa Ruvula. Akafikiri sana, akatikisa kichwa.

“Huko sikuwa naenda. Kulikuwa na mama mmoja wa huko ndiye mwenyewe. Kamuulize, kama bado yupo.”

Gari liliondoka kesho yake alfajiri. Kwenye daftari langu, mbele ya kamba ya saba, nilifuta sifuri nikaacha nafasi wazi.